Wanaoizika Shikamoo Wamesahau Marahaba

Asubuhi ya Idi, baada ya sala, nyumbani kwa mama yangu Pangani huwa hapapitiki. Wajukuu hujipanga barazani, wadogo mbele, wakubwa nyuma, na mmoja mmoja huingia kumwamkia bibi yao. Humpa mkono, husema shikamoo, hupewa marahaba, dua na fedha ya sikukuu iliyofungwa kwenye ncha ya kanga. Idi iliyopita zamu ilimfikia mtoto wa kaka yangu, kijana wa mwaka wa pili chuo kikuu. Akampa bibi mkono, akasema, "Habari yako, bibi."

Mama ana miaka 84, lakini masikio yake hayajambo. Alinyamaza, akangoja. Nikamwambia kijana, "Mwamkie bibi yako." Akanigeukia bila jeuri yoyote, kwa sauti ya mtu aliyelifikiria jambo lake, akasema, "Samahani, shangazi. Shikamoo ni salamu ya watumwa. Maana yake nashika miguu yako. Mimi si mtumwa wa mtu, na bibi si bwana wa mtu."

Mama alijibu nini nitaeleza mwishoni. Kwanza nataka kumjibu kijana, na nikimjibu yeye nawajibu wengi, maana maneno yale hakuyatunga. Nimeyasikia redioni, nimeyasikia vijiweni na maofisini, nimeyaona yakirukia kundi hadi kundi kwenye simu, na nimewasikia watu wenye shahada kubwa wakiyatamka kama jambo lililokwisha kuamuliwa. Hoja yao ina nguzo tatu. Neno lenyewe ni la kushika miguu. Historia yake ni ya mtumwa mbele ya bwana wake. Na matumizi yake ya leo yanamfundisha kijana kuinamisha kichwa mahali anapopaswa kuuliza swali. Kwa hiyo, wanasema, Mwafrika huru aitupe.

Nazichukua nguzo hizo kwa uzito kwa sababu zimesimikwa juu ya kidonda cha kweli. Mtu wa Pangani hawezi kuufanyia utumwa mzaha. Mji wetu ni mmoja wa miji ya pwani ya Mrima ambako misafara ya bara iliteremsha pembe za ndovu na binadamu, na wengine miongoni mwetu ni wajukuu wa walioteremshwa. Uchungu wa kijana wangu naukubali. Hukumu yake ndiyo ninayoikataa.

Nianze na neno. Ni kweli kwamba shikamoo ni ufupisho wa maneno ya kushika miguu. Ni kweli pia kwamba katika karne ya 19 ilisikika midomoni mwa watumwa wakiwaamkia mabwana zao. Sina haja ya kukanusha lolote kati ya hayo. Ninachokataa ni hatua inayofuata: kwamba neno likishazaliwa mahali fulani haliwezi tena kuhama. Tukiikubali kanuni hiyo, kijana wangu atabakiwa na Kiswahili kidogo sana.

Achukue neno uungwana. Muungwana kwa asili ni mtu asiye mtumwa. Neno hilo ndilo lililokuwa ukuta wenyewe kati ya aliyezaliwa huru na aliyenunuliwa. Mtu hakuwa muungwana kwa tabia, alikuwa muungwana kwa nasaba. Leo mvuvi, mpiga debe na waziri wote huitwa waungwana wakitenda jambo jema, na methali yetu inasema uungwana ni vitendo. Achukue ustaarabu, neno lenye Mwarabu tumboni mwake, lililomfanya Mwarabu kuwa kipimo cha mtu aliyekamilika. Achukue bwana, ambaye zamani alikuwa mwenye kummiliki mtwana na mjakazi. Leo kijana humwambia rafiki yake "acha hizo, bwana", mke humtaja mumewe kuwa bwana wake, Mkristo humwita Mungu wake Bwana, na hakuna hata mmoja anayesikia mlio wa mnyororo. Maneno haya matatu yalibeba utumwa na unyonge waziwazi kuliko shikamoo. Hatukuyazika. Tuliyakomboa.

Wala si Waswahili peke yao waliofanya hivyo. Mwitaliano akimsalimia rafiki yake husema ciao. Neno hilo limetoka katika lugha ya watu wa Venice, na maana yake ilikuwa "mtumwa wako". Kusini mwa Ujerumani na nchini Austria watu husalimiana servus, nalo ni neno la Kilatini la mtumwa, halikubadilishwa hata herufi moja. Hakuna Mwitaliano anayejiona amefungwa pingu akimuaga mwenzake mlangoni. Wanajua kwamba neno huishi mahali linapotumika, na kaburi la babu yake si nyumba yake.

Na huko kushika miguu kwenyewe, nani kasema ni kwa mtumwa tu? Wahindu, ambao miji ya pwani imeishi nao kwa vizazi, huinama kugusa miguu ya wazazi wao, ya babu na bibi, ya mwalimu. Anayegusa ni mtoto mpenzi, na anachopokea ni baraka. Waislamu wa pwani nao hufunzwa tangu utotoni kwamba pepo iko chini ya nyayo za mama. Mtu aliyekuzwa na fundisho hilo, akisikia neno la kushika miguu, kwa nini akili yake ikimbilie kwenye miguu ya bwana na kuiruka miguu ya mama?

Nguzo ya pili ni historia, na hapo wapinzani wa shikamoo huamini wamesimama mahali imara kabisa. Mimi naona ndipo walipo dhaifu zaidi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Basi tuwaulize wale waliotoka humo, waliopata kwa mara ya kwanza uhuru wa kuchagua: mlitupa nini, mkabakiza nini?

Walitupa mengi, tena kwa makusudi. Huko Unguja mtumwa hakuruhusiwa kufunika kichwa wala kuvaa viatu kama waungwana. Minyororo ya sheria ilipokatika, wanaume wakavaa kanzu na kofia. Wanawake wakaiacha kaniki, ile nguo nyeusi ya kazi na ya wajakazi, wakajifunga kanga za rangi na maua, na mpaka leo kanga ni vazi la kila mwanamke wa pwani, tajiri kwa maskini. Walitupa hata majina. Mtoto mmoja wa Fumba, Unguja, aliyezaliwa yapata mwaka 1880 katika familia yenye asili ya utumwa, alipewa jina la Mtumwa. Alipokuwa mwimbaji wa kusifika jina lile likaachwa, akaitwa Siti, yaani mwanamke mwenye heshima zake. Ndiye Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za taarabu kwa Kiswahili, ndiye ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu.

Hao ndio mashahidi wa kweli wa kesi hii. Kila alama iliyowadhalilisha waliijua kwa ngozi zao, na walikuwa hodari wa kubagua: hili la aibu tulivue, hili la utu tulishike. Kama shikamoo ingekuwa chapa ya utumwa kama kaniki na kama jina la Mtumwa, wangeivua siku ileile. Hawakuivua. Waliichukua wakaidai iwe yao. Mtu ambaye jana alitakiwa kuamkia tu, sasa akawa na watoto na wajukuu wa kumwamkia, na katika jamii ile kuamkiwa kulikuwa ushahidi kwamba naye ni mzazi, ni mzee, ni mtu mwenye watu.

Mama yangu alilelewa na bibi yake, mwanamke aliyekuwa mtu mzima utumwa ulipofutwa mwaka 1922. Mama husimulia kwamba bibi huyo hakuigusa kaniki mpaka anazikwa, hata kwa kwenda shambani. Lakini mjukuu aliyepita mbele yake asubuhi bila kumwamkia hakupewa uji mpaka arudi aamkie. Mimi niliyeusoma utumwa vitabuni sioni nina haki gani ya kumfundisha bibi huyo kipi kilikuwa cha kitumwa na kipi hakikuwa.

Nimefika sasa kwenye kosa kubwa kuliko yote. Wapinzani wa shikamoo wanaihukumu nusu ya salamu.

Salamu ya Kiswahili haikamilishwi na mtu mmoja. Hodi hungoja karibu, na mgeni aliyepiga hodi mara tatu pasipo kujibiwa huondoka. Hujambo hungoja sijambo. Asalaam alaykum hungoja waalaykum salaam. Tumsifu Yesu Kristo hungoja milele amina. Hata pole na kazi, inayotolewa kwa mtu aliyeinama na jembe lake kando ya njia, hungoja asante. Kila mmoja hushika upande wake wa kamba. Ndiyo maana lile "Jambo" wanalotupiwa watalii kwenye milango ya hoteli husikika tupu masikioni mwetu. Limekatwa kutoka kwenye hujambo, ambako mtu huulizwa kama hana jambo linalomsibu, likabaki sauti isiyouliza kitu wala kungoja jibu. Shikamoo nayo inakatwa vivyo hivyo. Nusu ya kwanza inapelekwa mahakamani, nusu ya pili haiitwi hata kutoa ushahidi.

Nusu hiyo ya pili ni marahaba. Imetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya upana na nafasi. Anayekwambia marahaba anakukaribisha mahali penye wasaa. Sasa yasikilizwe maneno yote mawili kwa pamoja. Mdogo anasema: nakuheshimu. Mkubwa anajibu: karibu, kwangu pana nafasi yako.

Na mazungumzo hayaishii hapo. Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anakumbuka mwalimu akiingia na darasa zima kusimama. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, hamjambo?" "Hatujambo." Tazama nani anauliza hali. Mdogo ameanza kwa heshima, mkubwa amelazimika kuendelea kwa kujali. Barazani kwetu hujambo ni mwanzo tu. Zitafuata za baba na mama, za masomo, za kikohozi kile cha juzi, na swali ambalo halikosekani, kama umekula. Kitenzi chetu chenyewe kinasema hivyo. Kuamkia kumetokana na kuamka. Mdogo huenda asubuhi kwa mkubwa kujua ameamkaje, na mkubwa naye hupata nafasi ya kumtazama mtoto machoni na kujua ameamkaje yeye. Mtaani kwetu mtoto mwenye homa aligunduliwa hivyo na jirani aliyemshika mkono akausikia wa moto. Mtoto aliyelala na njaa alijulikana hivyo, akaitwa ndani, akapewa chai na kipande cha mhogo, bila mtu kumtangazia umaskini wa kwao.

Bwana alidai salamu, naye hakudaiwa kitu. Mkubwa wa Kiswahili anadaiwa. Anadaiwa jibu, anadaiwa swali la hali, anadaiwa dua, na asipolipa jina lake huharibika. "Mtoto kamwamkia, hata marahaba hakuitika" ni sentensi ya kumwaibisha mtu mzima mtaa mzima. Dini iliyoilea pwani yetu nayo imeliweka hili wazi: kuanza salamu ni jambo jema, kuirudisha ni wajibu, na arudishaye arudishe kwa iliyo bora zaidi au angalau iliyo sawa nayo. Mafundisho hayo yanamtaka mdogo aanze kumsalimia mkubwa, na yanamtaka pia aliyepanda mnyama aanze kumsalimia anayekwenda kwa miguu. Kila mtu ana mahali ambapo ni zamu yake kutangulia.

Kuna na jambo la ngazi. Katika utumwa umri peke yake haukumpandisha mtu kidato. Mtumwa aliyeishi miaka 70 alikuwa mtumwa wa miaka 70, na mtoto mchanga wa bwana wake alikuwa juu yake. Shikamoo tunayoijua sisi inafuata umri na ukoo. Anayeamkia leo ataamkiwa kesho akijaliwa uhai, bila kununua nafasi hiyo na bila kupigiwa kura. Waziri wa miaka 40 akifika kijijini huwaamkia wazee waliokaa chini ya mwembe, hata kama kati yao wote hakuna mwenye baiskeli. Mgombea ubunge humwamkia bibi kizee anayeuza mchicha. Sijui salamu nyingine katika nchi yetu inayoweza kumfanya mwenye mamlaka amtangulie asiye nayo kwa heshima, hadharani, na asione amepungukiwa.

Zama za Azimio la Arusha la 1967, tulipoitana ndugu ili vyeo visitutenganishe, shikamoo ilibaki mahali pake. Watu waliokuwa na kiu ya usawa hawakuona inaugusa usawa huo. Na katika miaka ya 1990, wanamuziki wakongwe waliokutana Dar es Salaam kuunda bendi yao waliiita Shikamoo Jazz. Wazee wale waliopiga muziki kwa miongo mingi walitafuta neno moja la kusema kwamba wameishi, wamefanya kazi, na wanastahili kusikilizwa. Neno walilolichagua ni hilo.

Huulizwa mara nyingi: mbona Nairobi watu wanaishi bila shikamoo na heshima zao wanazo? Ni kweli wanazo. Mombasa na Lamu shikamoo ipo, kwa sababu huko Kiswahili ni lugha ya ziwa la mama. Katika bara ya Kenya wengi walikipokea Kiswahili kama lugha ya kazi, soko na mji, na heshima za nyumbani zikabaki katika lugha za nyumbani. Tanzania mambo yalikwenda njia nyingine. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi nchi nzima, kikaingia jikoni na chumbani, na ndoa za watu wa makabila tofauti zikakifanya kuwa lugha ya kwanza ya watoto. Msukuma alikuwa na mwangaluka yake, Mnyakyusa ugonile, Mgogo mbukwa, Mhehe kamwene. Siku Mnyakyusa alipomuoa binti wa Kigogo, alihitaji neno la kumwamkia mkwe wake ambalo wote wawili wanalijua. Alilikuta limekwisha kuandaliwa. Hakulipokea kutoka kwa bwana wa watumwa. Alilipokea darasani, na akalipeleka ukweni. Anayetaka kuling'oa atuambie kwanza ataweka nini mahali hapo. Habari ni salamu njema, lakini humfaa kila mtu kwa kiasi kilekile, rafiki na mkwe, karani na bibi. Mambo na poa ni za rika, na kwa rika zinapendeza. Hakuna hata moja inayomwambia mkubwa kwamba kuna mtoto mbele yake anayemhusu.

Nguzo ya tatu inaniuma, kwa sababu ndani yake mna ukweli. Wanasema shikamoo inawafunga vijana midomo. Nimewaona wakubwa wanaoitumia hivyo: mtoto akishaamkia, basi amekwisha kukubali kwamba hana la kusema. Nimewaona wanaopokea shikamoo kwa kukoroma, macho yakiwa kwenye simu. Nimewaona wanaume wanaoitika marahaba kwa msichana wa shule, kisha wakamfuata kwa maneno ya kumtongoza. Mwanamume wa aina hiyo amevunja agano. Marahaba aliyoitoa ilimfanya mlinzi wa mtoto yule, naye akaigeuza mtego.

Na nimeona baya zaidi. Nilikwenda katika ofisi moja ya umma kufuatilia hati ya kiwanja. Mbele yangu palikuwa na mzee mwenye mvi kichwa kizima. Alipofika dirishani alimwambia karani, kijana asiyezidi miaka 30, "Shikamoo, bosi." Karani akaitika marahaba bila kuinua macho, akamwambia arudi wiki ijayo. Mzee akasema asante. Nilisimama pale nimeganda. Hapo utumwa niliuona kwa macho yangu, na nilijua haukutoka kwenye neno. Ulitoka kwenye muhuri uliokuwa mkononi mwa kijana na shida iliyokuwa kifuani mwa mzee. Tungeifuta shikamoo katika lugha yetu jioni ileile, mzee yule angerudi wiki iliyofuata akasema "Habari yako, mheshimiwa", na mgongo wake ungekuwa umepinda vilevile.

Hili ndilo ambalo wapinzani wa shikamoo hawalitazami. Wanalipiga vita neno, na dhuluma inapita pembeni ikiwa salama. Shikamoo ikielekezwa kwenye cheo, pesa au muhuri, imepotezwa njia, na anayeipokea kwa mtu aliyemzidi umri ameiba kitu cha mzee. Dawa yake inajulikana na haihitaji sheria. Karani angesimama, angesema yeye kwanza, "Shikamoo, mzee wangu, karibu, kaa," kisha angemweleza ukweli wa hati yake. Neno lilelile, likiwa limerudishwa mahali pake, lingemfanya mtumishi akumbuke anamtumikia nani.

Nawageukia pia wanawake wenzangu. Wengi wetu tukifika miaka ya thelathini huanza kukwepa. "Usiniamkie, unanizeesha." Nilisema hivyo nami kwa muda mrefu, na sasa najuta, kwa sababu nilikuwa nawaambia mabinti wa mtaani kwangu kwamba umri wa mwanamke ni kitu cha kuficha. Binti anayekuamkia anakutafutia nafasi ya shangazi au mama katika maisha yake. Ukiikataa salamu yake unaufunga mlango ambao huenda siku moja angeuhitaji sana, siku ambayo hana pengine pa kusemea yanayompata. Mwitikie. Muulize hajambo, na ungoje jibu.

Kwa hiyo kwa vijana nina neno moja na kwa wakubwa nina mengi. Kijana aamkie, halafu aulize maswali yake yote. Shikamoo haijawahi kuwa kiapo cha kukubali. Nimewasikia vijana mikutanoni wakianza na "Shikamooni, wazee wetu" kisha wakazitaka hesabu za kijiji tangu senti ya kwanza, na wazee wakazitoa. Mkubwa ndiye anayebeba mzigo. Aweke simu chini. Aitike kwa sauti inayosikika. Aulize hali na asikilize anachojibiwa. Asiidai shikamoo kwa kiti alichokalia, na akimwona aliyemzidi, hata kama ni mlinzi wa geti la nyumba yake, atangulie yeye kuamkia. Wahenga walisema heshima si utumwa, lakini methali hiyo haijilindi yenyewe. Kila mkubwa anayenyamaza akiamkiwa anampa kijana wangu sababu ya kuamini kwamba wahenga walikosea.

Narudi barazani kwa mama. Alipoambiwa kwamba yeye si bwana wa mtu hakukasirika, wala hakuwataka wakubwa waingilie. Mkono wa mjukuu wake alikuwa bado ameushika, akaushika vizuri zaidi. "Njema, mwanangu," akasema. "Hujambo? Umelala salama? Masomo yanakwendaje? Mbona umekonda hivi, huko chuoni mnakula?" Kijana akajibu swali moja baada ya jingine, sauti ikizidi kushuka. Alipoulizwa la kula alikawia kidogo, na mama akaona. Akafungua ncha ya kanga, akampa fedha ya sikukuu sawa na wenzake, akamwombea dua ileile, kisha akamwita binti mmoja kutoka jikoni amletee kaka yake sahani kabla ya wengine wote.

Basi wewe mtoto wa kaka yangu, haya nimekuandikia wewe. Marahaba uliipata asubuhi ile, yote kasoro neno lenyewe. Bibi yako alilipa upande wake wakati wa kwako ulikuwa bado. Idi ijayo, Mungu akitujaalia, foleni itakuwa palepale barazani, naye atakuwa amekaa kwenye mkeka wake. Usimwamkie kwa sababu shangazi amekuagiza. Mpe mkono, umtazame, na ufikiri kama kuna neno lolote katika Kiswahili linalotosha kumjibu mtu aliyeona njaa yako kabla hujaisema. Ukilipata jingine, litumie. Mimi nimelitafuta miaka yote hii, na kila asubuhi nikiingia chumbani kwake ninalosema ni lile lile.